Maji Kinywani mwa Jedidah

Gertrude anasema ilikuwa Ijumaa, jua limeshapinda nyuma ya mlima, na Jedidah alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, ameelekea ukutani. Anasema alimkuta peke yake, maana mtoto alikuwa ameenda mferejini. Kifua cha mgonjwa kilikuwa kikikwaruza kama gunia linaloburutwa. Gertrude akaketi, akamwita kwa jina, na Jedidah akageuka, akaomba maji. Akapewa kwa kikombe cha bati. Akapiga funda moja, akajiinua kwa kiwiko, akamtemea Gertrude maji yale kifuani, pruu, kama walivyofanya wazee wote tangu zamani, akasema: "Kama nimeweka neno moyoni juu ya nyumba ya Gertrude, na lipoe. Lipoe kama maji haya." Kisha akalala. Jumapili akafa.

Hivyo ndivyo anavyosema Gertrude. Na hakusema kichochoroni. Alisema mbele ya wazee, uani kwa Elsie, pale Makwasinyi, siku watu wa Donald walipokuja kumposa Wakio, binti wa Jedidah. Mzee Silvanus, aliyekuwa mshenga, alikuwa ameweka kibuyu chini, akauliza swali linaloulizwa kila mahali kabla pombe haijaonjwa: "Kati ya nyumba hizi mbili, kuna neno lolote limelala?"

Watu wakatazamana kwa kicheko. Gertrude na marehemu Jedidah? Majirani waliogawana chumvi? Lakini Gertrude, mama yake Donald, akainuka bila kuulizwa, akalitoa lile la maji. Alipomaliza, Mzee Silvanus akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi kumepoa," akasema. "Kama yeye mwenyewe alitema, sisi ni nani?"

Wakio alikuwa mlangoni pa jiko, ameshika birika. Chai ilikuwa ikimwagika polepole kwenye mguu wake na hakuhisi.

Kwenye vijiji vinavyouzunguka mlima wa Kasigau, hata na misalaba shingoni, mtu aliyemkasirikia mwenzake haachi mambo yaende hivihivi. Huchukua funda la maji, au la pombe ya miwa ikiwepo, akalitema na kulitaja neno lenyewe, na moyo ukapoa. Asipotema, hasira hubaki ndani. Nayo hasira haifi na mwenyewe. Hungoja. Huja kuwaangukia mbuzi, watoto, hata wajukuu ambao bado hawajatungwa mimba. Ndiyo maana swali la mshenga si la mzaha.

Lakini Wakio alikuwa mtu wa kutafuna jambo mpaka liishe utamu. Alikuwa ametoka shule darasa la saba, akarudi kwenye jembe na kusuka vikapu, na kazi ya kusuka humfundisha mtu kuuona uzi uliorukwa. Usiku ule alilala akiutafuta. Jiwe lisilowahi kukaa motoni halimwagiwi maji. Mama alitema. Sawa. Alitema nini? Gertrude alikuwa amemfanya nini mama, hata mama ajiinue kwa kiwiko siku mbili kabla ya kufa? Na kama kulikuwa na neno, mbona miaka kumi yote limenyamaza, likazinduka siku ya posa?

*

Jedidah hakuwa mwanamke wa kuambiwa keti akaketi. Mumewe alipofia huko kwenye mashamba ya mkonge, ndugu wa mume walikuja na wazee wawili ili mmoja wao amrithi. Walimkuta akisaga. Hakuacha kusaga. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akapangusa unga mkononi, akasema: "Mimi si jembe, kwamba mwenyewe akifa nduguye anashika mpini." Wakaondoka bila kunywa maji. Maneno hayo yalitembea mpaka Bungule, na wanawake waliyarudia kwa siri wakifua, wakicheka na kutazama nyuma.

Alilima mwenyewe, akauza mbuzi wake mwenyewe, akaketi kwenye baraza ya chifu mstari wa mbele, kofia ya marehemu mumewe kichwani. Na tembo walipoanza kushuka kwenye mahindi, alijijengea dungu mwenyewe juu ya miti minne, akapanda na debe, fimbo na kijinga cha moto. Kufukuza tembo ilikuwa kazi ya wanaume. "Tembo hajaniuliza kama nina ndevu," alisema.

Wakio alikuwa akilala pale juu, amefunikwa gunia, akisikia mama akiwatukana tembo kwa sauti ya wimbo wa kanisani. Enyi wenye masikio kama ungo, mama zenu hawakuwafunza adabu? Maneno aliyakumbuka. Moshi aliukumbuka, na mikono, na ile kofia. Lakini sauti yenyewe ilikuwa imepotea. Tangu lini, hakujua. Aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwa vidole gizani, akapata kila kitu isipokuwa sindano.

Alikumbuka pia kwamba mwanzoni wanawake wengine walikuwa wakija kumsindikiza mama kule shambani, wanaleta viazi wanachoma, wanapiga soga mpaka watoto wanalala. Kisha ukaja msimu mmoja hawakuja. Mvua ilikuwa nyingi mwaka huo. Mama alikaa dunguni peke yake msimu mzima, analowa na nguo kumkaukia mwilini, na kikohozi kikaanza. Wakio mtoto alidhani wale wanawake waliogopa baridi.

Sasa alikuwa mtu mzima, na baridi haikumtosheleza tena.

*

"Mama mkubwa," alimwambia Elsie kesho yake, wakiwa wanasuka kwenye kivuli cha nyumba. Elsie alikuwa dada mkubwa wa Jedidah, ndiye aliyemlea Wakio tangu kifo. "Ule msimu wa mwisho, kwa nini watu hawakuwa wanakuja kwa mama?"

"Msimu gani?"

"Unaujua."

"Mimi sasa ni mzee. Najua tu kwamba uzi huu umeoza. Nani alikuuzia?"

Wakio alinyamaza. Alikuwa na kipaji hicho, kunyamaza mpaka mwenzake akaona aibu. Alisuka mzunguko mzima. Elsie akakohoa, akahamisha makalio, akamfukuza kuku asiyekuwa na kosa.

"Unanikalia kama polisi," Elsie akasema.

"Nasuka tu, mama mkubwa."

"Haya. Mwaka ule tembo walikula mashamba yote ya upande huu. Yote. La mama yako hawakuligusa hata jani. Si unajua alikuwa halali? Lakini watu wakasema amezika kitu. Kwamba ameelewana nao, anawaelekeza kwa wenzake. Wakaacha kwenda. Hata kanisani, akiketi benchi hili, benchi linabaki lake peke yake."

"Nani alianza kusema?"

"Neno halina mama, mwanangu. Lilikuwa tu linatembea."

"Kila kinachotembea kilizaliwa."

Elsie aliweka kikapu chini. Akatazama upande wa kwa Gertrude, moshi wa jiko ukipanda nyuma ya minyaa, kisha akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Ile Ijumaa, mimi nilikutana naye langoni akitoka. Alikuwa analia. Nikamwuliza, amelala? Akasema ndiyo. Akapita. Jana alipokuwa anasema pale uani, eti kifuani pruu, mimi nilikuwa nakumbuka leso yake. Ilikuwa mpya, ya manjano. Leso mpya ikilowa huwezi kukosa kuona."

"Na ilikuwa imelowa?"

"Ilikuwa kavu, Wakio. Kavu kama ngozi ya ngoma."

"Labda jua liliikausha."

"Labda," Elsie akasema, kwa haraka ya mtu aliyetafutiwa pa kutokea. Lakini wote wawili walikuwa wamesikia hadithi ya Gertrude, na ndani yake jua lilikuwa limeshapinda nyuma ya mlima.

"Mbona hukusema jana?"

"Niseme nini? Nilikuwa na mtoto wa dada yangu wa kulea na mbuzi mmoja. Nani alikuletea maziwa kila asubuhi mpaka ukatoka shule? Nani alikununulia ile sweta? Mtu akikuletea maziwa, huchungulii kwenye kibuyu."

Maziwa. Wakio alikuwa ameyanywa miaka yote akidhani ni upendo. Huenda yalikuwa upendo. Lakini kuanzia hapo kila alichokumbuka cha Gertrude alikigeuza upande wa pili, kama mtu anayepewa noti sokoni na asiyemjua. Sweta. Lile gunia la mahindi mwaka wa njaa. Mkono wa Gertrude kichwani mwake siku ya mazishi.

*

Donald alifika Jumatano kwa lori la Maungu, amebeba mkate na sabuni. Alikuwa kazini reli, pale Voi, kazi ya kuunganisha mabehewa, na vidole vyake viwili vilikuwa na makovu. Wakio alimpenda tangu alipokuwa na vidole vyote vizuri. Walisimama kando ya mfereji, mbali kidogo na watu, karibu kidogo na macho yao.

"Unanitazama kama tikiti bandia," Donald akasema.

"Mama yako aliwahi kukwambia habari ya kutemewa maji? Kabla ya juzi?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Wakio. Mama yangu hunieleza hata kuku wake aliota nini. Hilo hakunieleza." Aliposema hivyo alijisikia mwenyewe, akatabasamu ili alifunike. "Lakini watu wazima wana mambo yao. Kwani unaolewa na mimi au na mama?"

"Naolewa na mlango mmoja. Ndani mko wote."

Akacheka, akamvuta ncha ya leso. Hakucheka sana. Kabla ya kuagana alisema jambo lingine, kama kitu kilichomdondoka mfukoni. "Mama siku hizi anaamka mapema ajabu. Likizo iliyopita nilimsikia kila alfajiri anatoka na kikombe. Nikauliza, akasema anakwenda kunyweshea mche."

"Mche gani?"

"Sijui. Kwetu hakuna mche."

*

Kaburi la Jedidah lilikuwa nyuma ya nyumba, penye mawe, limezungushiwa minyaa. Wakio alilipita kila siku na hakulitazama, kama mtu asivyoutazama mlango wake mwenyewe. Alhamisi alikwenda kulitazama. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei na udongo ulikuwa mweupe kama majivu. Lakini upande wa kichwani, palipokuwa na lile jiwe kubwa, palikuwa na doa jeusi la upana wa sahani. Akachuchumaa, akaweka kiganja. Pamelowa.

Majani pia hayakuwepo. Alikuwa akidhani Elsie ndiye anayepalilia. Elsie, alipoulizwa, alisema alikuwa akidhani ni Wakio.

Asubuhi iliyofuata Wakio alijitwika debe kama kawaida, akaimba kidogo akipita karibu na kwa Gertrude ili asikike, akashuka njia ya mferejini. Kwenye bonde akaficha debe kichakani, akarudi kwa njia ya mbuzi, akaketi nyuma ya ghala ya mahindi. Kumekucha vizuri, kilele cha mlima bado kimejifunika wingu. Hakungoja sana. Gertrude alikuja akipita kwenye pengo la minyaa, pengo ambalo Wakio hakuwahi kujua kuwa lipo, lililolainishwa na miguu. Alikuwa na kikombe. Akasimama kichwani pa kaburi, akapiga funda, akatema juu ya jiwe. Akanong'ona. Akapiga funda lingine.

"Hapo hapajapandwa mche, mama," Wakio akasema.

Gertrude hakupiga kelele. Aligeuka polepole, maji yakimchuruzika kidevuni, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akisikia nyayo nyuma yake na sasa zimefika.

"Nilidhani umeenda mferejini."

"Hata siku ile nilikuwa nimeenda mferejini."

Jogoo wa Elsie aliwika, akajuta. Gertrude akaketi kwenye jiwe lililo karibu, kikombe kwenye magoti, amekishika kwa mikono miwili.

"Leso yako ilikuwa kavu," Wakio akasema.

"Elsie."

"Hata kama ni Elsie."

"Nilijua aliiona. Miaka yote namletea maziwa mtu aliyeiona leso yangu." Gertrude akapangusa kidevu. "Ni mimi niliyesema. Lile neno la tembo. Usinitazame hivyo, sikuwa nimekaa nikapanga. Shamba langu lilikuwa limeliwa lote, hata maboga, na la mama yako limesimama, ng'aa, mahindi yananicheka kutoka ng'ambo ya mpaka. Tulikuwa kwenye maji, tunateka. Nikasema, 'Ah, Jedidah na tembo wamekula kiapo.' Wakacheka. Mimi pia nikacheka. Kesho yake nikalisikia linarudi limeshaota mikono na miguu, eti amezika mfupa."

"Na wewe ukasema si kweli."

Gertrude akakigeuza kikombe mikononi.

"Ukasema si kweli, mama?"

"Ningelirudisha wapi? Lilikuwa limeshalala kila nyumba. Na nikaogopa. Nikaacha kwenda dunguni kama wengine. Nilikuwa nasikia debe lake usiku kwenye mvua, dang, dang, anatulinda hata sisi, maana tembo akifukuzwa kwake hafiki mlangoni kwangu. Nikajifunika blanketi."

Wakio alikuwa hajapata alichokijia. "Ijumaa," akasema.

"Ijumaa nilikuja kumwomba. Nikamwambia yote, kama ninavyokwambia. Nikampa maji, nikasema, Jedidah, nitemee, sitaki kitu kingine. Akajiinua kwa kiwiko, hilo sikudanganya. Akapiga funda. Mashavu yakajaa. Akanitazama. Ndege alikuwa analia huko nje akaacha, bado ananitazama. Nikasogeza kifua. Halafu akameza."

"Akameza?"

"Nilimwona kooni yakipita. Akajifuta mdomo, akasema, 'Asante, Gertrude. Nilikuwa na kiu.' Akageukia ukuta."

Wakio aliziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa ni kicheko kilichotaka kumtoka, pale pale kaburini, kicheko na kitu kingine kilichoshikana nacho. Maana ameisikia. Asante, Gertrude. Nilikuwa na kiu. Ile sauti, nzito kidogo, inayoburuta neno la mwisho kama mtu anayefunga mlango bila haraka. Miaka kumi aliitafuta, na imetoka kwenye kinywa cha huyu.

Alijaribu bado kuwa na shaka. Mtu aliyedanganya mbele ya wazee angeshindwa nini kudanganya mbele ya binti? Aliigeuza hadithi hii kama alivyogeuza sweta na maziwa, akaibonyeza huku na huku. Haikubonyea. Gertrude angetunga machozi. Angetunga malaika. Kiu ya Jedidah hangeweza kuitunga.

"Kesho Jumamosi wazee wanarudi na kibuyu," Gertrude akasema. Alikuwa ameinuka. "Nilidanganya kwa ajili ya Donald, sikatai. Nimekuja hapa kila asubuhi tangu waseme wanakuja kuposa, natema mimi, namwomba apoe, lakini anayetakiwa kutema si mimi. Nyie mtazaa. Hao watoto watakuwa wangu na wake. Unataka hasira yake iwakute kitandani?"

"Hasira yake ni yake."

"Wewe ni damu yake. Kinywa chako ni kinywa chake. Mtoto anaweza kutema badala ya mzazi aliyekufa, wazee wote wanajua, hata Silvanus. Nitemee, mwanangu. Mara moja. Useme yamepoa."

Akanyoosha kikombe. Yalikuwa yamebaki maji kidogo, na ndani yake kulikuwa na jani dogo la mnyaa.

Wakio alikipokea. Aliondoa lile jani kwa kidole. Akapiga funda, maji yakajaa mashavuni, baridi, yana ladha ya bati. Gertrude akafungua fundo la leso, akaacha kifua wazi, mifupa ya mabega imetokeza kuliko Wakio alivyodhani, akafumba macho.

Mbele yake Wakio aliliona lile pengo kwenye minyaa, na kupitia pengo paa la nyumba ambamo Donald alikuwa bado amelala. Akaliona pia shamba, na vile vipande vinne vya miti ya dungu ambavyo hakuna aliyewahi kuving'oa. Huko mferejini wanawake walikuwa wameanza kugombania zamu. Sauti zao zilifika vipandevipande, mtu akimwita mwenzake mwizi wa maji, mwingine akicheka.

Maji yalianza kupata joto mdomoni.

"Mwanangu," Gertrude akasema, bado amefumba. Kope zake zilikuwa zikitetemeka. Akangoja. Akasogeza kifua mbele kidogo, kama siku ile. "Wakio. Tema basi."